Nguvu ya Kushusha

Je, mtu anayepunguza uzito wa vyuma akifika uzeeni amekubali kushindwa? Swali hili nimelipata kwa mjomba wangu. Ana miaka 61, na kano ya kisigino ilimuuma hadi kupanda ngazi kukawa shida. Misuli yake haikuwa na tatizo. Lakini kano hupata damu kidogo kuliko msuli, hivyo hupona polepole. Haijali ulinyanyua kilo ngapi ujanani.

Wengi wangemwambia apumzike tu. Ila mwaka 1998 daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walieleza habari ya wanamichezo 15 wa makamo wenye maumivu sugu ya kano hiyo. Walishusha kisigino taratibu, mara 180 kwa siku, kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia.

Mjomba naye hushusha kila asubuhi, ameshika ukuta. "Zamani nilishindana na chuma," aliniambia. "Sasa nashindana na haraka."

Vyuma vyake vya zamani pengine hatavinyanyua tena, na hiyo ni hasara ya kweli. Lakini kama nguvu ni idadi ya kilo, basi kila mwili huishia kwenye aibu, hata uliotunzwa vizuri. Siwezi kukubali kipimo kinachomhukumu kila mzee. Naona nguvu ni kuubeba vyema mzigo unaokufaa leo.

Sisi vijana hutaja kilo tulizopandisha. Nani hutuuliza tulizishushaje?