Deni kwa Mama na Daftari la Mashairi



Kila Jumamosi humsaidia mama kupanga mboga kwenye meza yake katika soko la Kimironko. Juma lililopita, tukiwa tunafungua gunia la karoti, aliniuliza swali ambalo nimelikimbia mwaka mzima: "Mwanangu, ukimaliza chuo utafanya nini?" Nikamjibu kwamba kuna shule imeniahidi kazi ya kufundisha dini. Sikumwambia kwamba ninachotaka ni kuandika mashairi na tamthilia za Kiswahili. Wadogo zangu wawili wako sekondari, baba alishatangulia mbele ya haki, kodi ya nyumba haingoji, na mkopo wangu wa masomo utaanza kudaiwa nikipata tu mshahara.

Wengi wa mwaka wa mwisho tuko hapa. Mmoja anachora, mwingine anatunga kaswida, mwingine anaota kutengeneza filamu. Wapo wanaotuambia tufuate kipaji, kwani riziki ni ya Allah (s.w.t.). Lakini hata wale ndege wa kwenye hadithi ya tawakkul hutoka asubuhi wakiwa na njaa, hawangoji kiotani. Wengine wanatuambia tuache mchezo, tuwalishe wazazi. Hawa wana hoja nzito zaidi, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba inamtosha mtu kuwa mkosefu kwa kuwatelekeza wanaomtegemea.

Tazama kisa cha Abu Bakar (r.a.). Alipokuwa khalifa, asubuhi alibeba nguo zake kwenda kuuza sokoni kama kawaida. Umar (r.a.) alipomuuliza anakwenda wapi na hali amebeba mambo ya Waislamu, alijibu kwa swali: familia yangu nitailisha nini? Ndipo akakatiwa posho kutoka Baitul Mali. Ikiwa ukhalifa haukumwondolea mtu swali la chakula cha watoto, ushairi wangu utaniondoleaje?

Ila kuna jambo tunalipita haraka. Posho ile ilikuwa ya kumtosha yeye na watu wake, haikuwa ya kumtajirisha. Katika darsa za fiqhi tunasoma kwamba nafaqa ina kipimo: haja ya anayelishwa na uwezo wa anayelisha. Suratut Talaaq inaeleza kwamba Allah haikalifishi nafsi ila kwa kile alichoipa. Basi deni lina mwisho. Ada ya mdogo wangu ni haki yake kwangu. Harusi ya kukodi ukumbi mkubwa ili majirani waone kwamba mtoto wa fulani amesoma, hiyo ni sifa tu, na sidhani kama Allah ataniuliza kwa nini niliitolea shairi langu muda badala yake.

Shaaban Robert aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926 na akakaa huko hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali ya Tanganyika. Vitabu vyake aliviandika akiwa mtu wa mshahara. Cha ajabu, karani huyo ndiye aliyemtunga Utubora, mtu anayeacha kazi nzuri ya mjini akashike jembe. *Utubora Mkulima* ilichapwa mwaka 1968, naye alifariki 1962. Nikikisoma hujiuliza kama alikuwa anamwonea wivu mhusika wake. Simsifu kwa kuchoka. Pengine zipo kazi ambazo ofisi ilizila. Lakini hakuna aliyelala njaa ili vile tulivyo navyo viandikwe.

Jumamosi hii nilirudi sokoni na daftari, si la mashairi. Nikamwomba mama anitajie anachohitaji kwangu kwa mwezi, kwa faranga. Alicheka, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akataja ada na nusu ya kodi. Nusu nyingine, alisema, ni ya meza yake, na hataki niiguse. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kiasi kikubwa zaidi. Hata hivyo kinakula sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu, kwa hiyo kazi nitaichukua, na ile safari ya kukaa mwaka mzima na kikundi cha maigizo haitakuwepo. Nimebakiwa na saa moja na nusu baada ya Alfajiri, kabla ya basi.

Kisha akaniuliza hayo mashairi niliyokuwa nayaficha yanahusu nini.