Jicho la Kwera

Nje ya geti letu hapa Membley kuna mgunga. Mvua ikianza, kwera huujaza viota, na kelele zao huniamsha kabla ya matatu ya kwanza kwenda Ruiru. Kwa miaka miwili nilidhani ni ndege wa aina moja: manjano, uso mweusi, fujo tele.

Kumbe ni wa aina mbili. Kuna kwera wa Speke, aliyepewa jina la msafiri Mwingereza John Hanning Speke, na kuna kwera wa kijiji, anayeishi sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Wote ni wa jenasi Ploceus, wote husuka viota kwa nyasi, na madume yao hufanana sana. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni jicho. La Speke ni jeupe kama maziwa. La mwenzake ni jekundu.

Hilo nilijifunza kwa darubini ya kuazima, nikiwa nimechelewa.

Ploti yetu ilikuwa na walinzi wawili, wa mchana na wa usiku. Sare moja, kofia moja, na sisi wapangaji tuliwaita wote "soja". Siku moja mtungi wa gesi ulipotea. Keateka akaniuliza ni nani niliyemwona akifungulia pikipiki geti saa kumi na mbili jioni, wakati wa kubadilishana zamu. Nikajibu bila kufikiri: "Si yule wa usiku?" Akafutwa kazi kesho yake.

Wiki moja baadaye, yule wa mchana akaniambia polepole: "Bosi, aliyefungua ni mimi. Ilikuwa pikipiki ya mtu wa maji." Nilikimbia kwa keateka, lakini tayari alikuwa ameleta mwingine.

Wakenya tumeumizwa na tofauti. Baada ya 2007 tumefundishana kusema sisi sote ni sawa, na ni kweli. Lakini nilipowaona masoja wale kuwa sawa, haukuwa usawa huo. Ulikuwa uvivu wangu wa kutazama. Kutofautisha si kubagua. Huwezi kumtendea mtu haki kama hujamwona ni nani.

Soja mpya nimemuuliza jina. Yule wa usiku, hadi leo sijui aliitwa nani.