Badala na Asili

Katika nchi ya Ireland, ambako tangu karne ya 19 mkate wa soda umekuwa riziki ya nyumba nyingi zisizotumia hamira, unga, chumvi na soda ya kuokea hukandwa kwa mtindi, yaani maziwa makali yabakiayo siagi ikishatolewa. Na ukali huo ndio uiamshao soda itoe hewa yenye kuufurisha mkate. Je, aliyekosa mtindi amekosa mkate?

La. Majuzi nilitia kijiko kikubwa cha maji ya ndimu katika kikombe cha maziwa yasiyoganda, nikasubiri dakika 10, nikaona chembe nyeupe zikishika ukingoni. Nikayamimina ungani, na tanurini mkate ukaumuka, ukapasuka palepale nilipouchanja kwa kisu.

Hapo nilikumbuka hekima ya mafakihi juu ya tayamamu: asiye na maji hujitoharisha kwa udongo safi, na sala yake husihi, lakini maji yakipatikana, ruhusa hukoma. Badala, basi, si hila wala udhalili, maadamu imebeba sababu ileile iliyoifanya asili ihitajiwe, na maadamu mwenye kuitumia haisahau asili. Ladha ya mtindi haikuwamo yote katika mkate wangu. Shibe ilikuwamo, na shukrani pia. Naamini kwamba mja haulizwi juu ya alichonyimwa, bali juu ya alichokitenda kwa kilichomo mkononi mwake.