Mizani ya Lawama

Uadilifu wa mtu haupimwi kwa namna anavyosifu, bali kwa namna anavyolaumu. Kusifu ni kazi nyepesi, na mwenye kusifu hata akizidisha, madhara yake ni machache. Lakini kulaumu ni kuhukumu, na kila mwenye kuhukumu hana budi ashike mizani mkononi. Hana budi ajiulize: Je, huyu ninayemlaumu ndiye aliyetenda? Je, alikuwa na uwezo wa kutenda vingine? Na je, kinachonikasirisha ni ubaya wa tendo lake, au ni hasara iliyonifika mimi?

Maswali hayo matatu tutayachungua kwa mfano ambao, ukiutazama juujuu, ni wa michezo tu. Msomaji asishangae. Mahali watu wanapocheza na kushangilia ndipo tabia zao hujitokeza bila ya kuvaa nguo za adabu. Mfano wenyewe ni timu ya Cleveland Browns ya mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, huko Marekani.

Mpira wa Kimarekani si huu tuuchezao kwa miguu. Huchezwa zaidi kwa mikono, wachezaji 11 kila upande, na karibu kila shambulio huanzia kwa mchezaji mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye huupokea mpira, na kwa muda wa sekunde chache, huku wapinzani wakimjia kumwangusha, huamua ampe mwenziwe, au aurushe mbali, au akimbie nao. Timu ikishinda, husifiwa yeye kupita kiasi. Ikishindwa, hulaumiwa yeye kupita kiasi.

Timu ya Cleveland ilianza kucheza mwaka 1946, na katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa na nguvu kubwa. Ubingwa wake wa mwisho iliupata mwaka 1964. Mwaka 1995 mwenye timu wa wakati ule, Art Modell, alitangaza kwamba anaihamishia Baltimore. Watu wa Cleveland walilia na kushtaki, hata yakafikiwa makubaliano kwamba jina, rangi na historia ya timu vibaki mjini kwao, na timu mpya ikaanza kucheza kwa jina hilo mwaka 1999. Tangu mwaka huo, timu imekwisha kuanza mechi kwa makwotabeki zaidi ya 40. Msimu wa 2016 ilishinda mechi moja tu kati ya 16, na msimu wa 2017 ilishindwa zote 16. Mwezi wa Januari 2018, maelfu ya mashabiki walitoka katika baridi kali, wakaandamana kuuzunguka uwanja kana kwamba wamepata ubingwa, wakichora kwa mwendo wao umbo la sifuri. Walifanya dhihaka, lakini ndani ya dhihaka hiyo mlikuwa na majonzi, na pia mlikuwa na wema, kwani walichanga kwa ajili ya kuwalisha wenye njaa.

Sasa, ukiwasikiliza mashabiki hao wakibishana, utawaona wamegawanyika makundi matatu. Wa kwanza husema kosa ni la kwotabeki. Wa pili husema la: kwotabeki ni mtu wa kuletwa, basi waulizwe kocha na meneja waliomchagua. Wa tatu husema: kocha na meneja nao ni waajiriwa, basi aulizwe mwenye timu. Yupi mwenye haki katika hao watatu?

Tuanze na la kwanza. Mwaka 1999, timu ilipozaliwa upya, ilimchagua kijana Tim Couch kabla ya vijana wote wa mwaka ule. Akatiwa katika timu iliyookotezwa hapa na pale, isiyokuwa na ukuta wa kumlinda, na katika msimu wake wa kwanza aliangushwa chini zaidi ya mara 50. Timu ilishinda mechi 2 ikashindwa 14. Mtu aliyesimama nyuma ya ukuta uliobomoka akapigwa, twaweza kumlaumu kwa kupigwa? Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lawama haina budi iufuate uwezo. Asiyekuwa na uwezo wa kuzuia jambo, si uadilifu kumbebesha mzigo wake wote, japokuwa ndiye anayeonekana kuliko wengine.

Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wala si katika mpira tu. Jicho humwona aliye karibu, na ulimi hufuata jicho. Mgonjwa humgombeza mwuguzi kwa dawa zisizokuwapo, abiria humtukana utingo kwa nauli aliyoipanga mwingine. Lawama ni kama maji, huteremkia penye bonde. Na kazi ya akili ni kuyapandisha maji hayo mpaka kwenye chanzo chake.

Kundi la pili lina hoja yenye nguvu zaidi. Kati ya mwisho wa mwaka 2012 na mwisho wa mwaka 2019 timu hiyo iliwafukuza makocha watano, na wawili kati yao walipewa msimu mmoja tu. Kila kocha aliyekuja alikuja na njia zake, akataka na wachezaji wake, na kazi ya aliyemtangulia ikatupwa. Mti unaong'olewa kila mwaka utatia mizizi lini? Mwaka 2018 timu ilimchagua Baker Mayfield, na katika msimu wa 2020, chini ya kocha Kevin Stefanski, ilishinda mechi 11, kisha ikaifunga Pittsburgh 48 kwa 37 katika mchujo, ushindi wa namna hiyo ambao haikuupata tangu msimu wa 1994. Msimu uliofuata Mayfield aliumia bega, akacheza vibaya, na mwaka 2022 akaondolewa. Wahenga husema kosa moja haliachi mke. Kijana huyo baadaye alikwenda Tampa Bay, akaiongoza timu ya huko kushika nafasi ya kwanza katika kundi lake, msimu wa 2023 na wa 2024 pia. Basi huenda ugonjwa haukuwa kwa mtu aliyetupwa, bali katika mkono uliozoea kutupa.

Na mkono huo ni wa nani? Hapa twafika kwa kundi la tatu. Timu ilinunuliwa na Jimmy Haslam mwaka 2012 kwa kiasi cha dola bilioni moja. Katika ligi hiyo ya timu 32, fedha za televisheni za taifa zima hugawanywa sawasawa kwa timu zote, ishindayo na ishindwayo. Wala hapana kushushwa daraja, kama yanavyofanyika katika ligi za mpira wa miguu. Kinyume chake, timu iliyokuwa ya mwisho ndiyo hupewa nafasi ya kuchagua kwanza miongoni mwa vijana wapya. Kanuni hizo ziliwekwa kwa nia njema, yaani mnyonge apate kuinuka. Lakini zina upande wa pili: mwenye timu hata akishindwa miaka 10 mfululizo, thamani ya mali yake huzidi kupanda. Mchezaji hufukuzwa, kocha hufukuzwa, meneja hufukuzwa. Mwenye timu hafukuzwi. Basi mashabiki, kwa kuwa hawawezi kumwondoa, hurudi kwa wale wanaoweza kuondolewa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hiyo hufaa kwa mwenye kutafuta salama, lakini haifai kwa mwenye kutafuta haki.

Wako watakaosema: "Mali ni yake, afanye atakavyo." Maneno hayo yangekuwa sahihi kama angeijenga nyumba hiyo kwa mfuko wake peke yake. Lakini uwanja wa timu uliofunguliwa mwaka 1999 ulijengwa kwa sehemu kubwa ya fedha za umma, zikiwemo za kodi ya pombe na sigara ambayo wapigakura wa wilaya ile waliikubali mwaka 1995, kisha wakakubali tena mwaka 2014 iendelee kwa ajili ya matengenezo. Na mwaka 2025 jimbo la Ohio liliidhinisha dola milioni 600 kwa uwanja mpya unaokusudiwa kujengwa nje ya mji, nazo zitoke katika fedha zilizolala ambazo wenyewe hawajajitokeza kuzidai. Jambo ambalo lilipingwa mahakamani. Mwenye kutumia fedha za watu ameshika amana ya watu, apende asipende. Hata sheria ya jimbo hilo, iliyotungwa mwaka 1996 baada ya msiba wa kuhamishwa timu, ilimlazimisha mwenye timu iliyotumia uwanja wa umma kutoa taarifa ya miezi 6 kabla ya kuhama, na kuwapa wenyeji nafasi ya kuinunua. Na pale Green Bay iko timu ambayo tangu mwaka 1923 imekuwa mali ya wananchi wenye hisa, hisa zisizolipa faida hata senti moja. Kwa hiyo si kweli kwamba timu haiwezi kuwa ila ya tajiri mmoja.

Basi twasema kundi la tatu limekikaribia chanzo kuliko mengine. Lakini hatujamaliza, kwani limebaki swali la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: Tunalaumu ubaya, au tunalaumu hasara?

Mwezi wa Machi 2022 timu ilimleta kwotabeki Deshaun Watson kutoka Houston, ikitoa haki zake tatu za kuchagua vijana wa daraja la kwanza, na kumwandikia mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 230, zote za uhakika. Wakati huo alikuwa amefunguliwa madai na wanawake zaidi ya 20 waliosema aliwatendea mambo ya aibu walipokuwa wakimkanda mwili. Yeye aliyakana. Mabaraza mawili huko Texas hayakumfungulia mashtaka ya jinai, na sehemu kubwa ya madai ilimalizwa kwa suluhu. Ligi nayo ilimfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Mashabiki waligawanyika. Wako waliosema hawatakanyaga tena uwanjani, na wako waliopeleka michango kwa shirika la mjini humo linalowasaidia waliodhulumiwa kijinsia. Wengine walisema: "Tungoje tuone kama atashinda."

Hakushinda. Aliumia mara kwa mara, akacheza chini ya matumaini, na mwaka 2025 mwenye timu akakiri hadharani kwamba walilenga wakakosa. Kukiri ni jambo jema. Lakini na tuulize: walikosa nini? Kama kosa ni kwamba mchezaji hakufaulu uwanjani, basi hilo ni kosa la hesabu, na laiti angeshinda lisingekuwa kosa. Kama kosa ni kuyafanya malalamiko ya wanawake kuwa ni kitu kidogo mbele ya kombe, basi hilo lilikuwa kosa tangu siku ya kutia sahihi, na kombe lisingelifuta. Asiyetofautisha makosa haya mawili hajalaumu bado. Amehesabu hasara tu.

Na ushahidi kwamba wengi hawatofautishi uko wazi. Tarehe 20 Oktoba 2024, Watson alianguka uwanjani kwao, mshipa wa kisigino umekatika, na baadhi ya mashabiki wakashangilia. Wachezaji wenziwe waliwakemea. Pengine msomaji atasema: "Walishangilia kwa sababu ya yale aliyoshutumiwa." Lakini mwaka 2002, katika uwanja uleule, Tim Couch alipigwa kichwani akatoka na kizunguzungu, na baadhi ya mashabiki wakashangilia vilevile, hata kijana akatokwa na machozi mbele ya waandishi. Yeye alikuwa hana shutuma yoyote wakati ule ila kushindwa. Watu wawili, mmoja mwenye tuhuma nzito na mmoja asiye na tuhuma, wamepewa hukumu moja. Basi hapana shaka hukumu ile haikutoka katika kuchukia ubaya. Ilitoka katika hamaki ya mwenye kushindwa.

Je, shabiki anyamaze basi? La. Aliyetoa fedha yake, wakati wake na mapenzi yake ana haki ya kusema. Lakini haki hiyo ina masharti. La kwanza, lawama yake ipande mpaka kwa mwenye uwezo, isiishie kwa aliye karibu. La pili, ihusu tendo, isiuguse mwili wa mtu wala watu wa nyumbani kwake. La tatu, aitamke kabla ya matokeo kujulikana, kwani biashara iliyo mbaya ni mbaya hata ikileta faida. La nne, ajitazame na yeye. Kiti alichokilipia, kodi aliyoipigia kura na makelele aliyoyapiga vimo katika hesabu hiyo; kama mwenye timu hafukuzwi, fedha ya shabiki huweza kukataa kumfuata.

Timu ya Cleveland ni mbali nasi, na huenda wengi wetu hatutauona mchezo wao. Lakini kila mmoja ana timu yake: ofisi, shule, chama, jamaa za nyumbani. Siku mambo yatakapoharibika huko, nasi tutatafuta wa kumlaumu, na karibu yetu patakuwa na mtu dhaifu amesimama, anaonekana vizuri, na hawezi kujitetea. Kabla ya kufungua kinywa, tumwulize kwanza aliyejenga ukuta uliobomoka nyuma yake.