Sijda ya Kusahau

Fiqhi ilikwisha kuifikiria siku ambayo mwenye kusali atasimama katikati ya adhuhuri asijue yuko rakaa ya tatu au ya nne. Haikumwambia avunje swala. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, ashike idadi ndogo aliyo na yakini nayo, akamilishe iliyobaki, kisha asujudu mara mbili kabla ya salamu. Hukumu hiyo nimeijua tangu chuoni, nikidhani ni ya vikongwe. Sasa naihitaji, na kikongwe bado sijawa.

Hedhi ilipokoma nilitazamia mwili upumzike. Kumbe ubongo nao ulikuwa ukila sahani moja na tumbo la uzazi. Estrojeni hupokelewa hata katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya. Katika miaka ya kuelekea ukomo hupanda na kushuka bila mpango: majina hukwama, usingizi hukatwa na joto la ghafla, na neno dogo la mtoto huamsha hasira isiyolingana nalo.

Daktari aliniandikia bandiko la estrojeni, na projesteroni ya kumeza usiku, kwa kuwa mwenye mfuko wa uzazi akipewa estrojeni peke yake ukuta wa mfuko huo unaweza kunenepa hadi ukaleta saratani. Taratibu joto likapungua, nikalala, na baada ya kulala nikawa mtu wa watu tena. Majina hayakurudi yote. Wala sikuahidiwa. Sehemu ya utafiti wa KEEPS wa Marekani iliyopima kumbukumbu na hisia iliwafuata wanawake 693 ambao hedhi yao ilikuwa imekoma karibuni. Matokeo yake ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa kwa miaka minne tiba haikuinua kumbukumbu wala kuishusha. Waliomeza estrojeni walipungukiwa na huzuni na wasiwasi. Wa bandiko, wenzangu, hawakuonyesha nafuu hiyo. Na kwa walioanza homoni zote mbili wakiwa na miaka 65 au zaidi, utafiti mwingine wa huko huko ulitangaza mwaka 2003 kwamba hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu iliongezeka maradufu. Kwa hiyo simsukumi mtu.

Kinachonishughulisha ni subira. Tumefundishwa kuwa ni sifa ya nafsi: huombwa, huzoezwa, ina malipo yake. Yangu nilikuwa nasifiwa nayo, na sifa zile nikizipokea kama mtu anayelipwa haki yake. Ikaondoka pamoja na damu. Ikarejea, si yote, kwa kitu chembamba kilichobandikwa chini ya kitovu. Ilikuwa ya nani basi?

Nimelikalia swali hili muda mrefu, na nilipofika ni hapa: dawa haikunipa subira, ilinipa usiku. Hasira bado huja. Lakini kati yake na ulimi pana pumzi moja au mbili ambazo kabla ya tiba hazikuwapo, na hapo ndipo ninapoamini kuwa amali yangu inaandikwa. Pumzi zenyewe ni za kupewa. Zamani nilizipata kupitia ovari, bila kujua na bila kusema alhamdulillahi.

Fikra hii imenigeuzia watu niliodhani nawajua. Tulikuwa na shangazi ambaye, alipoingia miaka ya hamsini, nyumba nzima ilimwita mwenye gubu. Wengine walisema ana shetani, akafukizwa ubani. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshaamka, anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa jioni, nasi tukasema anatusimanga kwa ufagio. Hakuna aliyemuuliza amelala saa ngapi. Namuombea rehema, na pamoja na rehema namuombea kila aliyemhukumu kwa tabia bila kuujua usiku wake, nami nikiwamo.

Binti zake wawili wamefika umri ule. Mkubwa alinikaripia kwenye simu juzi, kwa jambo la sahani za harusi, akakata. Baadaye akapiga kuniomba radhi. Nikamwambia radhi anayo, dada, ila kesho aende akapimwe presha na matiti, amweleze daktari habari za usingizi wake, na zile sahani nitazifuata mwenyewe.