Ng'ombe Wameuzwa: Nani Achague Chuo?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne na cha sita yatangazwapo, katika nyumba nyingi za Ibadakuli, kama katika Usukuma yote, hukaa baraza la jamaa. Baba yumo, mama yumo, na mjomba aliyefika mjini naye huleta neno lake. Nje, zizini, wamo ng'ombe ambao hawasemi, lakini ndio watakaolipa ada.

Wazazi wapendwa, hatutaki leo kuulizana ni chuo kipi kilicho bora. Twauliza hivi: je, yule aliyeuza ng'ombe amenunua pia haki ya kumchagulia mtoto njia?

Zamani swali hili halikuwako. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Aliyepata nafasi alishukuru akaenda. Leo mwana wa Ibadakuli anayo mengi ya kupima hata kabla hajavuka mipaka ya mkoa. Huko Kolandoto hufundishwa uuguzi na utabibu. Kizumbi liko tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza Moshi mwaka 1963 na kupandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2014. VETA hufundisha ufundi mjini Shinyanga, na atakaye elimu ya madini huenda Dodoma. Hata hivyo wazazi wengi huvidharau vyuo vya karibu. Uwanja wa ndege wa Shinyanga uko papo hapo Ibadakuli, na labda ndiyo maana twadhani kwamba elimu ya kweli ni ile iliyo mbali!

Tuseme binti ataka uuguzi, na baba ataka sheria. Baba asema, "Ng'ombe ni wangu." Hasemi uongo, wala dai lake si la kubezwa. Mfugaji auzapo ng'ombe mnadani hatoi fedha tu. Atoa maziwa ya watoto, jembe la kulimia mpunga, na akiba ya mwaka wa ukame. Kijana apokeaye kafara hiyo anadaiwa. Lakini adaiwa nini? Kwa maoni yetu adaiwa bidii, ukweli na matumizi safi ya fedha. Hadaiwi kuwa mtu mwingine. Baba hataketi darasani miaka mitatu au minne, wala si yeye atakayeamka usiku kumhudumia mgonjwa ama kusimama mbele ya hakimu. Kazi hufanywa na mikono ya aliyeisomea, na mgonjwa aliyeangukia mikononi mwa muuguzi asiyependa uuguzi ndiye alipaye gharama ya heshima ya baba.

Hapo vijana watafurahi, lakini wasifurahi upesi. Zizi ni moja, na watoto ni wengi. Kijana achaguapo chuo cha ada kubwa katika mji wa mbali, kwa kuwa rafiki zake wanakwenda huko, hula sehemu ya mdogo wake, na mara nyingi mdogo huyo ni msichana ambaye hakuulizwa. Hili twaliona zito kuliko ugomvi wa baba na mwana. Watu husema "chuo kinachonifaa mimi" kana kwamba huyo mimi alizaliwa peke yake. Mkopo wa Serikali nao ni msaada mkubwa, ila ni deni: sheria ya mwaka 2016 iliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa. Yafaa hesabu hiyo ifanywe barazani, mtoto akiwapo.

Wako pia wasemao kwamba chuo ni kazi bure, kwa maana kijana fulani alikwenda Geita, akashuka duarani, akajenga nyumba ya bati. Naam, alijenga. Waliorudi mikono mitupu hawaonyeshwi kwa kidole, wala waliofukiwa na kifusi. Tena mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, nao wahitaji mafundi wa umeme, wachomeleaji na wapima miamba, ambao hawakuupata ujuzi wao kwenye makarasha.

Kabla ya kuuza hata mbuzi, basi, jamaa na waulize kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, au na Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2020 Tume hiyo ilifuta hati za vyuo kadhaa. Waulize pia waliomaliza hapo wako wapi sasa. Na mwana aulizwe mbele ya wote ataka nini na kwa sababu gani, naye apewe muda wa kujibu. Iwapo sababu zake ni nyepesi, baba ana haki ya kukataa kuuza. Iwapo ni nzito, na baba bado akataa kwa ajili ya majirani tu, mama asinyamaze.