Deni na Toba

Mtu aliyepoteza mali ya wengine aweza kujikomboa kwa njia gani? Kulia hakurudishi fedha, na kufa hakulipi deni. Msomaji kijana, wewe ambaye hujakabidhiwa bado fedha nyingi za watu, ni vema ulifikiri swali hili mapema.

Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, alilifikiri katika riwaya yake iitwayo Little Dorrit, iliyotolewa sehemu kwa sehemu kati ya mwaka 1855 na 1857. Uchungu wa deni aliujua tangu utoto. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa kwa ajili ya deni katika gereza la Marshalsea, London.

Katika riwaya hiyo yumo Bwana Merdle, tajiri wa benki na biashara kubwa. Maaskofu, mahakimu na wakuu wa serikali hula mezani kwake, na mkewe hupambwa kwa vito vya thamani. Hakuna ajuaye barabara utajiri huo watoka wapi, wala hakuna aulizaye. Sifa hutangulia, na akiba za watu hufuata nyuma. Kisha usiku mmoja Merdle anajiua, na hapo yabainika kwamba alikuwa mwizi na mghushi. Watu wengi wafilisika.

Miongoni mwao ni Arthur Clennam, mtu mwema, mshirika wa fundi mvumbuzi Daniel Doyce. Doyce alipokwenda ng'ambo alimwachia Clennam fedha za karakana yao, naye alikwisha kumwambia kwamba hapendi biashara ya kubahatisha. Lakini Clennam alishawishiwa na rafiki aliyedhani amepiga hesabu sawasawa, akazitia fedha hizo katika shughuli za Merdle. Zote zikapotea.

Wapime basi watu hawa wawili. Merdle aliikimbia hesabu, akawaachia mzigo walio hai. Clennam alikuwa na udhuru wa kutosha: hakujua, alishauriwa, na wakubwa wa London walidanganyika pia. Hakuutumia. Alitangaza kwa maandishi kwamba kosa ni lake peke yake, na kwamba Doyce hana hatia. Mwanasheria wake alimkataza, akamwonya kwamba atajiletea ghadhabu ya watu, hakukubali. Akafungwa Marshalsea. Amy Dorrit, ampendaye, alipomletea fedha zake ili atoke, alikataa, maana hakutaka mwingine agharimike kwa kosa lake. Wahenga walinena: Muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Labda utauliza, "Ungamo lile lilimlipa nani?" Ni kweli, halikumlipa mtu hata peni moja. Lakini lililinda jina la Doyce, na fundi asiye na jina jema hapati kazi. Toba ina sehemu mbili: kurudisha kiwezekanacho kurudishwa, na kumwondolea lawama asiyestahili kulaumiwa. Ya kwanza yahitaji fedha. Ya pili yawezekana hata mfuko ukiwa mtupu. Doyce aliporudi, akiwa amefanikiwa katika kazi yake, alimsamehe Clennam, akamrudisha katika nafasi yake. Yeye kama fundi alijua kwamba kosa likikubaliwa huwa somo, bali kosa likifichwa huzaa jingine.

Huenda kesho ukawa mweka hazina wa chama cha wanafunzi, na baadaye karani wa benki au mkurugenzi. Kumbuka kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Uliza faida yatoka wapi kabla hujaitamani, hata kama wakubwa wote wamekwisha kuamini. Na ikiwa, pamoja na uangalifu wako wote, siku moja hesabu itapungua mkononi mwako, usingoje kutafutwa. Nenda kwa wenye mali wewe mwenyewe, ukiwa na daftari lako wazi.